Daftari la Vifo na Daftari la Fedha: Historia ya Utafiti wa Huduma za Afya kwa Takwimu Afrika Mashariki

Utafiti wa huduma za afya ni taaluma isiyouliza namna dawa inavyofanya kazi mwilini, bali namna dawa hiyo inavyomfikia mgonjwa, kwa gharama ipi, kwa kuchelewa kiasi gani, na ni nani anayeikosa. Malighafi yake kubwa ni data za hali halisi, yaani kumbukumbu zinazopatikana katika mwendo wa kawaida wa maisha na wa kazi, kama vile daftari la wagonjwa wa nje, rejesta ya kliniki ya mama na mtoto, orodha ya kaya za kijiji na hesabu za matumizi ya wilaya. Kumbukumbu hizo hutofautiana na zile za jaribio la kitabibu, ambamo watafiti hupanga tangu mwanzo nani apewe dawa na nani asipewe. Katika nchi za Ulaya na Marekani taaluma hii ilikua juu ya wingi wa kumbukumbu, kwa kuwa kila kifo kilikuwa na cheti na kila kitanda cha hospitali kilikuwa na faili. Afrika Mashariki ilijifunza kwa njia nyingine: ilianza na upungufu, na sehemu kubwa ya maarifa yake imetokana na juhudi ya kuwahesabu watu ambao daftari la hospitali halikuwahi kuwaona.

Ugumu wenyewe unaelezeka kwa msamiati wa hesabu za shule ya msingi, ambapo namba ya juu ya sehemu huitwa kiasi na ile ya chini huitwa asili. Idara za tiba za wakoloni, na hospitali za misheni zilizofanya kazi kando yao, zilikuwa na kiasi tele: wagonjwa waliolazwa, mkojo uliopimwa, sindano zilizodungwa, waliofia wodini. Asili, yaani idadi ya watu wote ambamo wagonjwa hao walitoka, haikujulikana ila kwa kukisia. Taarifa za kila mwaka za idara hizo zilijaa majedwali yaliyopangwa vizuri, lakini kwa kukosa asili hayakuweza kusema kama ugonjwa fulani umeongezeka katika nchi au kama barabara mpya imewaleta hospitalini wagonjwa ambao zamani walifia nyumbani.

Hatua ya kwanza yenye uzito katika kutafuta asili hiyo ilifanyika Nairobi, katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, ambako mwanahisabati Mskoti aitwaye William Brass alifanya kazi tangu 1948 hadi 1955. Sensa ya 1948 na uchunguzi wa sampuli ulioambatana nayo uliwauliza wanawake swali jepesi: wamezaa watoto wangapi, na wangapi kati yao wamekwisha kufa. Majibu yalikuwa na kasoro nyingi, kwa kuwa umri wa wengi ulikadiriwa kwa macho na watoto waliokufa wachanga walisahauliwa au walifichwa. Brass aligundua kwamba hata majibu hayo mabovu yana mpangilio unaoweza kusomwa: sehemu ya watoto waliokufa kati ya wote waliozaliwa na wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, baada ya kusahihishwa kwa kizidisho maalumu, hukaribia uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2, na ya wanawake wa miaka 25 hadi 29 hukaribia uwezekano wa kufa kabla ya miaka 3. Njia hiyo, ambayo leo hubeba jina lake na imetumika katika sensa za nchi nyingi maskini duniani, ilitokana na karatasi ambazo mtakwimu wa London angezitupa. Haistahili kusahaulika kwamba mbinu iliyoenea kiasi hicho ilichongwa kwa majibu ya akina mama wa Kenya, Uganda na Tanganyika.

Brass, hata hivyo, alipima vifo wala hakupima huduma. Daraja kati ya mambo hayo mawili lilijengwa Uganda miaka ya 1960, na habari zake zilichapwa mwaka 1966 katika kitabu kuhusu tiba katika nchi zinazoendelea kilichohaririwa na daktari Maurice King. Katika hospitali ya Mityana, Buganda, wagonjwa wa nje walipangwa kulingana na umbali wa makazi yao, kisha idadi ya mahudhurio kutoka kila duara la umbali ikagawanywa kwa watu waliokadiriwa kuishi katika duara hilo. Ilionekana kwamba mahudhurio kwa kila mtu yalipungua kwa nusu kila umbali ulipoongezeka kwa takriban maili 2, kwa hiyo aliyekaa maili 4 kutoka hospitalini alihudhuria robo tu ya jirani wa hospitali, na wa maili 6 sehemu moja ya nane. Hapakuwa na mtambo, wala jaribio, wala fedha nyingi. Palikuwa na rejesta iliyoandikwa jina la kijiji, ramani na kalamu. Mchoro ule mmoja ulibainisha kwamba hospitali iliyodhaniwa kuihudumia wilaya nzima ilikuwa, kwa kweli, zahanati kubwa ya watu wa karibu nayo.

Hoja hiyo iliikuta Tanzania ikiwa tayari kuisikiliza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, siasa ya afya iligeuzwa kuelekea vijijini, na mpangaji uchumi Oscar Gish, aliyefanya kazi katika Wizara ya Afya mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichapa mwaka 1975 kitabu kilichoonyesha kwa hesabu namna fedha za sekta hiyo zilivyogawanyika kati ya hospitali kubwa na vituo vidogo. Zahanati zilijengwa kwa mamia, jambo ambalo wakosoaji wa siku za baadaye hulisahau kwa wepesi. Lakini kujenga zahanati ni jambo moja na kujua zinafanya nini ni jingine, na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1980 uliziacha nyingi zikiwa na kuta bila dawa, na rejesta bila kurasa.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yalianza na vifo vya watu wazima, ambavyo wafadhili, wakiwa wameelekeza macho kwa watoto, hawakuwa na habari navyo. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne na kwa fedha za serikali ya Uingereza, ilianzisha mradi wa maradhi na vifo vya watu wazima, uliofahamika kwa kifupi chake cha Kiingereza, AMMP. Maeneo matatu yalichaguliwa ili yasifanane: mitaa ya Dar es Salaam, wilaya ya Hai iliyokuwa na nafuu ya kipato katika miteremko ya Kilimanjaro, na wilaya ya Morogoro Vijijini. Kaya zote za maeneo hayo ziliorodheshwa, orodha ikawa inahuishwa mara kwa mara, na kila kifo kilichotokea kilifuatwa nyumbani.

Chombo kikuu cha kazi hiyo kilikuwa mahojiano ya kubaini sababu ya kifo, utaratibu ambao kwao mhudumu wa afya aliyefunzwa huwaendea wafiwa baada ya muda wa msiba kupita, huuliza kwa dodoso dalili alizokuwa nazo marehemu, muda wa ugonjwa, mahali alipotibiwa na dawa alizopewa, kisha karatasi hiyo husomwa na madaktari zaidi ya mmoja, kila mmoja peke yake, ili waseme ni ugonjwa gani unaoelekea kuwa ulimuua. Madaktari wakitofautiana huitwa mwingine wa kuamua. Utaratibu huu una udhaifu unaojulikana, kwa sababu malaria ya mtoto na homa ya mapafu hufanana mno katika simulizi ya mzazi, na maradhi yenye aibu hupewa majina mengine. Pamoja na hayo uliona mambo ambayo hospitali haikuyaona. Katika makala ya mwaka 2000 watafiti wa mradi huo walionyesha kwamba vifo vya kiharusi kati ya watu wa miaka 15 hadi 64 katika maeneo yote matatu vilikuwa mara kadhaa ya vile vya Uingereza na Wales, wakati ambapo wengi waliamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa matajiri na wazee. Shinikizo la damu lisilotibiwa lilikuwa linaua watu wa makamo vijijini, nao walizikwa bila kupita mbele ya daktari yeyote.

Wakati huohuo bonde la Kilombero lilikuwa linatoa fundisho la aina nyingine. Kwamba chandarua chenye dawa huokoa maisha ya watoto lilikuwa limekwisha kuthibitishwa na majaribio, likiwemo la Kilifi, pwani ya Kenya, lililofanyika kati ya 1993 na 1995, ambamo vijiji vilipangwa kwa bahati nasibu na vifo vya watoto vikapungua kwa asilimia 33 katika vijiji vilivyopewa vyandarua. Swali lililobaki lilikuwa la huduma: vyandarua hivyo vikiuzwa madukani, vikioshwa na kuchakaa, vikatumiwa na wanaotaka wakati wanaotaka, bado vitaokoa watoto? Kituo cha utafiti cha Ifakara, ambacho asili yake ni maabara ya Waswisi iliyofunguliwa na Rudolf Geigy katika miaka ya 1950, kiliandaa mradi wa kuuza vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na kuanzia 1996 kikaweka ufuatiliaji wa kudumu wa kaya katika vijiji 25 ambamo biashara hiyo ingeanzia.

Hapa ndipo takwimu za hali halisi zilipodai ustadi ambao jaribio halidai. Mama aliyenunua chandarua huenda alikuwa na kipato kizuri, au elimu, au nyumba iliyo karibu na zahanati, na mambo hayo yangeweza kumlinda mwanawe hata bila chandarua. Wataalamu huyaita mambo ya namna hiyo vivurugi, kwa kuwa huvuruga uhusiano unaochunguzwa. Watafiti waliwalinganisha watoto waliokufa na watoto hai wanaofanana nao, wakazipima tofauti za kaya na kuziondoa kwa hesabu, na mwaka 2001 walitangaza kwamba chandarua chenye dawa kiliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Mipaka ya uhakika ya makadirio hayo, yaani eneo ambamo thamani ya kweli inatarajiwa kuwamo kwa uhakika wa asilimia 95, ilikuwa 3 hadi 45. Eneo hilo ni pana, lakini halikugusa sifuri, na namba yenyewe ilikaribiana na ya Kilifi kuliko wengi walivyotarajia kwa bidhaa ya dukani. Mpango wa taifa wa hati punguzo kwa wajawazito, ulioanza 2004, ulisimama juu ya msingi huo.

Sehemu iliyojulikana zaidi ya historia hii, hata hivyo, ni ya Rufiji na Morogoro Vijijini. Chanzo chake kilikuwa ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 kuhusu kuwekeza katika afya, iliyodai kwamba nchi maskini ingeweza kupunguza sana mzigo wa maradhi kwa takriban dola 12 kwa kila mtu kwa mwaka ikiwa tu ingechagua huduma zake kwa ushahidi. Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada na Wizara ya Afya ya Tanzania waliamua kulipima dai hilo katika wilaya mbili, na mradi ulioanza 1996 ukaitwa TEHIP. Morogoro ilikuwa tayari na hesabu za AMMP, na Rufiji ikaanzishiwa ufuatiliaji wake mwezi Novemba 1998, ofisi ikiwa Ikwiriri, ukihusisha vijiji 31 na watu wapatao 85,000. Makarani walizungukia kila kaya mara tatu kwa mwaka wakiandika waliozaliwa, waliokufa, waliohamia na waliohama, na programu ya kompyuta iliyotunza orodha hiyo ilikuwa imebuniwa Navrongo, kaskazini mwa Ghana.

Jambo jipya la TEHIP halikuwa kuhesabu vifo, maana hilo lilikwisha fanyika kwingine, bali kuliweka daftari la vifo kando ya daftari la fedha. Vifo viligeuzwa kuwa miaka ya maisha iliyopotea, kipimo kinachompa mtoto anayekufa uzito mkubwa kuliko mzee kwa kuwa mtoto amepoteza miaka mingi, kisha asilimia ya miaka hiyo kwa kila ugonjwa ikachorwa sambamba na asilimia ya bajeti ya wilaya iliyoelekezwa kwenye ugonjwa huo. Katika Morogoro malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka iliyopotea na kupata asilimia 5 ya bajeti ya 1996. Maradhi mengine ya watoto, yaani nimonia, kuhara, utapiamlo, surua na upungufu wa damu, yalichukua asilimia 28 na kupata 13. Kifua kikuu kilipata asilimia 22 ya fedha ilhali mzigo wake haukufika asilimia 4. Michoro hiyo haikuhitaji shahada ya takwimu ili isomwe, na hiyo ndiyo sababu iliwafaa maafisa wa timu ya afya ya wilaya, ambao walizoea kurudia bajeti ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo kila mstari.

Ni haki kusema kwamba michoro ileile ina mtego ambao waandishi wengi walioisifu waliupita kimya. Ugonjwa unaodhibitiwa vizuri huonekana mdogo kwa sababu unatumiwa fedha, na anayeona mzigo mdogo wa kifua kikuu au wa maradhi ya chanjo akapunguza bajeti yake anaweza kuurudisha mzigo huo kwa mikono yake mwenyewe. Mlinganisho wa mzigo na fedha hufaa kumwonyesha mpangaji alichokipuuza. Haufai kumwamulia akipunguze nini. Wilaya zile mbili zililielewa hilo kwa vitendo, maana ziliongeza fedha za malaria na za watoto kwa kiasi kikubwa kutokana na nyongeza ya fedha ziliyopewa na mradi.

Nyongeza hiyo nayo ina habari yake. Mradi ulikuwa tayari kutoa hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka, lakini wilaya ziligundua kwamba haziwezi kutumia zaidi ya senti 80 hivi, kwa uhaba wa watumishi, magari na usimamizi. Kwa kiasi hicho kidogo vilipatikana redio za mawasiliano, pikipiki za wasimamizi, mafunzo na dawa zilizoagizwa kwa mahitaji ya kweli. Vifo vya watoto wachanga katika eneo la Rufiji lililofuatiliwa vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000, na vya watoto chini ya miaka 5 kutoka 140 hadi 120. Namba hizo zilizunguka dunia nzima baada ya kuandikwa katika jarida la uchumi la London mwaka 2002, na zilisomwa kana kwamba senti 80 ndizo zilizofanya yote, ingawa mwaka mmoja ni muda mfupi, ufuatiliaji ulianza baada ya mradi wenyewe, na mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilitangulia kipindi hicho.

Tathmini iliyofuata ilikuwa na nidhamu zaidi, nayo ndiyo inayostahili kufundishwa vyuoni. Rufiji na Morogoro zilikuwa zimeanza mapema utaratibu wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya ugonjwa mmojammoja, na Kilombero na Ulanga zilikuwa bado, hivyo watafiti walizilinganisha jozi hizo mbili. Matokeo yaliyochapwa 2004 yalisema kwamba katika miaka 2 vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye utaratibu huo, na mipaka ya uhakika ikatolewa mara mbili: kwa hesabu moja ilikuwa 5 hadi 21, na kwa nyingine ilishuka chini ya sifuri hadi kufika 30 upande wa juu. Tofauti hiyo ilitokana na swali moja, kama kinachohesabiwa ni watoto au ni wilaya. Watoto walikuwa maelfu. Wilaya zilikuwa nne tu, na watoto wa wilaya moja hunyeshewa mvua moja, hutibiwa na timu moja na hula mavuno ya msimu mmoja, kiasi kwamba hawawezi kuchukuliwa kama mashahidi maelfu wasiojuana. Kuchapa mipaka yote miwili badala ya kuchagua ile iliyopendeza kulikuwa uungwana wa kitaaluma usio wa kawaida.

Mahojiano ya Rufiji yalivunja pia dhana moja ya siku nyingi. Iliaminika kwamba watoto hufa kwa malaria kwa kuwa wazazi, hasa wanapoona degedege, hukimbilia kwa waganga wa kienyeji. Uchambuzi uliochapwa 2004 ulionyesha kwamba karibu wanne katika kila watano wa waliokufa kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Lawama ilihama kutoka kwa mzazi na kwenda kwenye mlango wa zahanati: kuchelewa, dawa zilizokwisha nguvu dhidi ya vimelea, na rufaa isiyo na usafiri.

Sambamba na hesabu za kaya, serikali ilikuwa imeanzisha tangu 1993 Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, ambao vitabu vyake vya kujazwa kwa mkono vinajulikana na kila muuguzi wa Tanzania, na ambao ilipofika 2013 taarifa zake zilikuwa zinaingizwa nchi nzima katika mfumo wa kompyuta. MTUHA una kiasi kwa wingi na kwa haraka, lakini udhaifu wa asili unabaki uleule wa enzi za ukoloni, na anayeusoma bila kuuliza ni nani hakufika zahanati atarudi pale Mityana ilipoanzia.

AMMP na TEHIP zote zilifikia ukomo mwaka 2004, fedha za wafadhili zilipokoma, na Rufiji ikaendelea chini ya Ifakara. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Honorati Masanja ilitumia tafiti za kitaifa za kaya kuonyesha kwamba kile kilichoonekana Rufiji kimeenea: vifo vya watoto chini ya miaka 5 vilikuwa 147 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 1999 na 112 katika ule wa 2004 na 2005. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Namba zote tatu zimetokana na kuwauliza akina mama wamezaa wangapi na wangapi wamekufa, kwa kuwa vifo vingi vya watoto nchini havijawahi kuandikwa kwenye cheti chochote.